Uwanja Uliokataa Kukauka

Binti yetu alipotimiza miaka kumi na sita, shule moja ya mji wa kaskazini, mwendo wa saa tano kwa treni, ilimwita kwa barua akasome huko na kucheza mpira wa kikapu. Angekaa bwenini kuanzia Januari. Jibu lilitakiwa kabla ya Oktoba kuisha. Nilipomuuliza anataka nini, aliinua mabega akanijibu kwa Kiswidi, kama kawaida yake: "Vet inte." Hajui.

Basi nikaona asiyejua husaidiwa kujua. Nyuma ya nyumba yetu hapa Farsta kuna kiwanja kidogo cha majani. Nikakata shauri nimjengee uwanja wake hapo hapo, wenye goli la kikapu na vigae vya plastiki juu ya kokoto, uwe tayari kabla hajajibu. Nani angeacha uwanja wake nyumbani akalale bwenini na watu asiowajua?

Nikaanza kuchimba mwezi wa tisa. Nilikuwa nikirudi kutoka kazini, hospitalini Flemingsberg, sivui hata koti, nashika koleo. Chini ya udongo mweusi nikakuta udongo wa mfinyanzi, wa kijivu, mgumu, uliopasuka nyufa kwa kiangazi. Niliufurahia kama mtu aliyekutana na jamaa ugenini. Mke wangu alichungulia dirishani akauliza kama nachimba uwanja au kaburi. Niliendelea kuchimba. Mimi nikishindana na kalenda sina mzaha.

Jumamosi ya kwanza ya Oktoba nikaita harambee. Walikuja wanaume sita wa kanisani kwetu, Wakenya watano na Mrundi mmoja anayefanya kazi ya kutengeneza barabara. Chini palikuwa na mabonge matupu, na sisi Wakenya hatukuhitaji mkutano. Sote tulikua tukiona nyumba zikijengwa. Udongo ukiwa na mabonge unaumwagia maji, unaushindilia, unauachia jua, na kesho yake unatembea juu ya sakafu. Nikavuta mpira wa maji.

"Mzee, ngoja kwanza," Mrundi akasema. "Hii udongo si kama ya kwetu. Ukiipa maji inakunywa, hairudishi. Iache hivi, tandika kitambaa ile ya kuzuia kokoto kuzama, halafu kokoto. Ama tungoje hadi mwezi wa tano."

"Mwezi wa tano!"

"Haraka haraka haina baraka, ndugu yangu."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," nikamjibu, nikafungua maji. Wenzangu wakacheka. Kitambaa chenyewe nilikuwa nimekiona dukani nikakiita ujanja wa wafanyabiashara. Tulimwaga, tukashindilia, tukala chapati tumesimama, na jioni pale mahali palikuwa laini, panang'aa, pazuri kuliko kitu chochote nilichowahi kutengeneza kwa mikono yangu.

Tulichosahau ni jua. Jua la Oktoba hapa ni la kutazama, haliunguzi wala halikaushi. Jumapili asubuhi nilibonyeza kwa kidole, kikazama. Jumatatu kikazama. Ikanyesha siku tatu mfululizo. Nikafunika na turubai, nikafunua ili upepo upite, nikafunika tena. Nilikuwa nikienda kuuchungulia kabla ya kupiga mswaki. Kazini nilifungua utabiri wa hali ya hewa kila nusu saa, hadi mgonjwa mmoja akaniuliza kama nasafiri. Nyumbani sikuweza kumaliza kikombe cha chai nimekaa. Binti yangu alipita jikoni na begi lake la mazoezi, nami nikamwambia bado kidogo, bado kidogo. Akasema, "Okej, pappa."

Wiki ya mwisho ya mwezi nikachoka kungoja, nikaagiza kokoto. Lori likamwaga, nikasambaza peke yangu tangu asubuhi hadi saa tisa mchana, mgongo ukiniuma. Siku iliyofuata nusu ya kokoto haikuwepo. Udongo ulikuwa umeimeza, na juu yake kumesimama maji ya rangi ya uji. Nikasema maneno ambayo mtu wa kanisani hayasemi, nikarusha koleo.

Binti yangu akatoka nje na mpira wake. Akaudundisha mara moja katikati. Haukudunda. Ulizama nusu ukabaki pale.

Nilidhani atacheka. Akavua viatu na soksi katika baridi ile, akaingia matopeni, akauchomoa.

"Nipe wiki mbili," nikamwambia. "Mrundi atakuja na kitambaa chake. Usijibu barua kwanza. Nakuomba."

Akaufuta mpira kwa shati lake.

"Jag har redan svarat," akasema. Ameshajibu.

"Lini?"

"I augusti."

Agosti. Kabla sijanunua hata koleo. Nikageuka dirishani, mama yake alikuwa amesimama pale, na uso wake ukaniambia kwamba naye alijua tangu mwanzo kuwa mtoto anakwenda. Wiki sita zangu, mgongo wangu, watu wazima sita wamechafua nguo za Jumamosi. Nikauliza kwa sauti iliyosikika hadi kwa jirani kwa nini hakuna aliyeniambia.

Binti yangu alinitazama. Midomo ilikuwa imeanza kumtetemeka, sijui kwa baridi au kwa sababu yangu. Kisha akatafuta maneno, na kwa mara ya kwanza msimu ule wote akanijibu kwa Kiswahili.

"Nilitaka kukuambia kila siku, Baba. Lakini ulikuwa unachimba."