Mstari wa Cucu

Mwezi uliopita nilikwenda Kanja kwenye semina ya akina mama, na huko nikashikwa na jambo la aibu. Wewe ni mtu wangu, kwa hivyo sitakuficha. Ulikuwa wivu, tena ule wa zamani kabisa, niliodhani niliuacha shambani pamoja na gambuti za utotoni.

Ukumbi wa kanisa ulijaa mpaka wengine wakasimama madirishani. Mshauri mwenyewe ni mwanamke wa rika langu, mnene kidogo, mwenye sauti ya kutuliza mtoto. Huenda umemwona kwenye simu. Kila asubuhi anawaambia watu namna ya kuishi na mume, kulea watoto, kutunza mwili na kazi. Alishika maikrofoni akasema, "Ukimkasirikia mzee wako, usimjibu. Chukua kikombe cha maji, unywe polepole mpaka kiishe, ndipo ufungue mdomo." Akina mama wakaguna kwa kukubali, wakainamia vitabu vyao kuandika.

Mimi nikaweka kalamu chini. Hayo maneno nayajua. Yalizaliwa Kibugu, kwenye shamba la chai la nyanya yangu, cucu kama tulivyomwita, na nilikuwepo. Huyo mshauri ni binti wa jirani yetu, na aliyapata palepale, nami nikiwa mistari miwili tu ya michai mbele yake.

Likizo ya Agosti kwetu ilikuwa baridi ya kuuma masikio. Ukungu ulishuka kutoka msituni ukalala juu ya michai hata huoni mwisho wa shamba. Tulijifunga nailoni kiunoni ili majani mabichi yasitulowanishe, lakini ikifika saa moja na nusu mikono ya sweta ilikuwa imelowa mpaka kwenye viwiko. Cucu alilaza fito juu ya michai kuonyesha kimo cha kuchuma, kisha akagawa mistari. Sheria yake ilikuwa moja. Mwenye mkono mwepesi apewe mstari wake peke yake. Mwenye mkono mzito akae mstari mmoja na cucu, ili cucu amsaidie.

Na mkono wangu, sijisifu, ulikuwa mwepesi. Majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi, vidole vinaenda vyenyewe. Saa nne kikapu changu kilikuwa kimejaa, na karani wa mizani pale kituo cha kupimia chai aliniita mashine. Binti wa jirani, aliyekuja kutusaidia kila likizo, alikuwa mzito jamani! Alikitazama kila kichipukizi kama mtu anayechagua kitambaa sokoni. Basi kila siku alikuwa mstari wa cucu, bega kwa bega, na mimi niko mbele peke yangu na ukungu wangu.

Huko nyuma cucu aliongea. Nyumbani alikuwa mtu wa maneno machache, lakini akichuma alifunguka. Nilisikia sauti yake ikipanda na kushuka, kisha kicheko cha yule msichana, kisha kimya, kisha sauti tena. Maneno yenyewe hayakunifikia. Nilikuwa nayapata jioni njiani, kipande kipande, kutoka kwa huyohuyo msichana, naye aliyatoa kwa maringo. Ati cucu amesema usimkaripie mtoto mwenye njaa, mpe kwanza chakula. Ati cucu amesema kitu ukikitamani sokoni usikinunue siku hiyo, rudi nyumbani ulale, na ukiamka umekisahau, hukukihitaji. Ati cucu amesema nyoosha mgongo kabla haujauma. Cucu yangu! Nilitamani kumsukuma mtaroni.

Mimi nikimaliza mstari nilirudi mbio na kikapu changu, natafuta neno. Cucu alikitazama, akaweka mkono ndani kupima kama majani hayakushindiliwa, akasema, "Umemaliza? Chukua mstari mwingine." Basi. Hayo ndiyo niliyoambiwa, likizo baada ya likizo.

Siku moja nikaamua kuwa mzito. Niliburuta vidole, nikaacha vichipukizi, nikajikokota nyuma mpaka nikawa karibu kabisa na mstari wao. Nilikuwa nimeanza kusikia jambo fulani juu ya mashemeji, tena tamu. Cucu akainua kichwa, akaniona, akaacha kikapu chake. Alinishika paji la uso kwa mkono wenye baridi na harufu ya majani. Akasema huyu mtoto ana homa. Nikapelekwa nyumbani, nikafunikwa blanketi mbili, nikapewa uji wa wimbi wa moto, na shambani habari za mashemeji zikaendelea bila mimi. Nililia ndani ya ule uji. Kesho yake nikarudi kwenye mbio zangu, na sikujaribu tena.

Sasa rudi nami Kanja. Nilikaa pale saa mbili nikimsikiliza akigawa mali ya ukoo wangu, na akina mama wakimwita mwenye hekima. Kila alipoanza, alisema "kuna mama mmoja alinifundisha". Mama mmoja! Mama huyo ana kaburi, na mjukuu wake ameketi benchi la nne. Kwa hivyo mke wa mchungaji alipouliza nani atatoa neno la shukrani, mkono wangu ulikuwa juu kabla sijamaliza kuamua.

Nilisimama, nikasema, "Maneno haya yote mliyoandika ni ya cucu yangu wa Kibugu." Nilisema kwa ukali, nakubali. Ukumbi ukageuka kunitazama. Mshauri aliweka mkono kifuani, na ndipo nikaona kwamba amenitambua.

Mama mmoja wa mbele, bila ubaya wowote, akasema, "Kumbe! Basi dada, wewe mwenyewe tuongezee moja."

Nilifungua mdomo. Nilitafuta, nakuambia. Nilitafuta shambani, jikoni, chini ya zile blanketi mbili. Yote niliyoyajua mshauri alikuwa ameshayasema, na hata mimi niliyapata kwake, zile jioni njiani. Mwishowe nikasema kile kimoja nilichonacho. "Alikuwa akiniambia, umemaliza? Chukua mstari mwingine."

Nilingoja wacheke. Wakainamisha vichwa, wakaandika.

Tulipotoka kunywa chai nje, mshauri alinifuata akiwa na kikombe mkononi. Hakunisalimu hata. Alisema polepole, "Mimi cucu hakuwahi kuniambia hivyo. Hata siku moja. Likizo zote za darasa la saba nilijaribu kukufikia mbele, nikashindwa, nikabaki naye nyuma." Halafu akanitazama vidole. Mtazamo ule naujua vizuri, maana nimeubeba usoni mwangu miaka yote hii.

Nikafurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi sana, nikarudi nyumbani nikiimba.

Furaha yenyewe haikukaa. Jumapili iliyofuata nilipanda Kibugu. Binamu zangu waling'oa michai, wakapanda avokado, na miti hiyo wameipanda mbalimbali hata huwezi kusema huu ni mstari wa nani. Kituo cha kupimia kimebaki nguzo. Nilisimama mahali nilipodhani ndipo tulipoanzia asubuhi, karibu na mtaro, nikajaribu kukumbuka sauti ya cucu. Ikaja ileile ya mbali, inayopanda na kushuka, bila maneno.

Nimefanya kazi maisha yangu yote, nimesomesha watoto, nimejenga, na kila nilipomaliza jambo moja nilianza lingine. Watu husema nimejituma. Mwezi ujao nastaafu. Nitarudisha funguo za ofisi, nitakuja nyumbani mapema, nami nimemaliza, na hakuna mtu wa kutia mkono kikapuni mwangu akaniambia nishike mstari upi.