Fundi Asiyepiga Bandi

Wifi yangu tunamwita Chapchap, na jina hilo hakupewa bure. Kaka yake, ambaye ndiye mume wangu, anaapa kwamba dada yake alikimbia kabla hajajua kutembea. Ni fundi cherehani, tena fundi kwelikweli, ila ana dhambi moja: hapigi bandi. Sisi wengine tunashikiza kitambaa kwanza kwa mkono, mishono mirefu ya kufumuliwa baadaye, tupime, tuone, ndipo tushone. Yeye? Kitambaa chini ya sindano, mguu kwenye pedeli, trrrr, kwisha! "Bandi ni ya waoga," anasema. Na gauni linakaa vizuri, ndicho kinachoniudhi.

Sasa, Chapchap ana kifafa tangu usichana wake. Dawa alikuwa anameza asubuhi na jioni, lakini ilikuwa imeanza kuzidiwa. Siku moja, katika duka tunaloshonea sote, kifafa kikamwangusha juu ya mashine ya umeme, ile ya dirishani, sindano ikapita kidoleni. Mwenye duka, mama ambaye hacheki kabla ya adhuhuri hata umtekenye, alitetemeka kuliko sisi sote. Akamhamishia kwenye meza ya vifungo, pembeni yangu. Chapchap na vifungo, jamani! Kila mashine ile ilipolia chini ya mguu wa mwingine, wifi yangu alifumba macho. Alitaka kitu kimoja tu duniani, kurudi dirishani.

Nikamsindikiza kwa daktari. Daktari akasema atamwongezea dawa ya pili.

"Ya zamani unaendelea nayo," akamwambia. "Hii mpya ni ya kuisaidia. Utaanza na kidogo sana, tutapandisha taratibu. Inaweza kukuletea usingizi, kizunguzungu, hata hasira. Ukiona moyo umekuwa mzito au tabia imebadilika, njoo upesi. Usijiongezee, na usiache ghafla."

"Hasira?" nikauliza. "Daktari, hiyo tutaitambuaje? Huyu amezaliwa nayo."

Chapchap akanikanyaga mguu. Nje akawa anaruka kama amepewa mashine yenyewe. Sikujua kichwani anapanga nini, ingawa kwa kumjua nilivyomjua, nilipaswa kujua.

Siku chache baadaye akaja kazini anatembea kama sakafu ni godoro. Akakaa, akakitazama kifungo, akacheka. Akacheka mpaka akajifuta machozi.

"Wifi," akaniambia, "mbona leo mko wawili? Mmoja mbona alikuwa ananitosha!"

"Wewe, umekunywa nini?"

"Dawa. Kile kipimo cha mwisho kabisa. Sasa nipande ngazi moja moja nimekuwa kuku?"

Alikuwa ameruka vipimo vyote vya katikati! Kabla sijafunga mdomo, mwenye duka akaingia. Chapchap akainuka kwa adabu, shikamoo mdomoni, na joho la kwaya alilokuwa anashonea vifungo likainuka naye. Alikuwa amelishona kwenye sketi yake. Joho likavuta kitambaa cha meza, kitambaa kikavuta bakuli, vifungo vikamiminika sakafuni hadi mlangoni. Duka zima likaangua kicheko, isipokuwa mama mmoja.

Nikamkamata mkono, moja kwa moja zahanati. Hatukupata hata muda wa kufumua. Alipita barabarani anayumba, joho la zambarau likimfuata vumbini, na watu walitupisha njia kwa heshima wakidhani ni jambo la dini. Mzee mmoja alivua kofia. Mimi niko katikati ya hofu na kicheko, mbavu zinauma. Yeye ndipo akaanza kulia.

"Mwenye duka hatanirudisha tena dirishani," akasema. "Basi naacha dawa zote."

Daktari alilitazama joho, akaamua kutouliza. Akampima, akamlaza kitandani chini ya macho ya muuguzi mpaka kichwa kikatulia. Kisha akasema kwa ukali kidogo, "Ukiacha zote kwa mpigo, kifafa kitakurudia kwa nguvu kuliko mwanzo. Kinaweza kukuua. Tunarudi chini, tunapanda upya. Taratibu."

"Wifi," nikamwambia, "anachokuambia daktari ni bandi."

Akajifunika uso kwa joho.

Basi akapanda polepole, mume wangu akimsimamia kila kipimo kama askari wa zamu. Usingizi ulimsumbua mwanzoni, tukaripoti, ukapungua. Kikamjia kifafa kimoja, kidogo, akiwa amekaa kwangu. Baada ya hapo kimya. Kimya kikaendelea mpaka tukaogopa kukitaja. Siku daktari alipomruhusu kurudi kwenye mashine, alitoa masharti: sindano iwekewe kinga, pasi aachiwe mtu mwingine, asiwe peke yake dukani, na dawa zote mbili ziendelee.

Mwenye duka alikuwa ameshafunga kinga. Akavuta kile kiti cha dirishani, akasema, "Kaa."

Tuliacha kazi sote. Chapchap akakaa, akatandika kitambaa, na mimi nikasubiri trrrr. Wapi! Kaingiza uzi kwenye sindano ya mkono, kainama, kaanza mishono mirefu, mmoja, mwingine.

"We Chapchap, unafanya nini?" nikapiga kelele.

"Napiga bandi."

"Shona basi, mwanamke! Tutazeekea hapa!"

"Mna haraka ya nini?" akajibu bila kuinua kichwa. "Kuna anayewafukuza?"

Mwenye duka akacheka, asubuhi kweupe, akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi machozi yananitoka na wala sikuyaficha. Wifi akakata uzi, akasogeza kitambaa chini ya sindano, akaweka mguu kwenye pedeli. Mashine ikalia, na safari hii hakufumba macho.