Mkono wa Mzee Muthama Uliofunguka Katikati ya Maombi

Watu wa ghorofa yetu hapa mtaa wa Pipeline wanamjua Mzee Muthama kwa koti lake. Jua liwake namna gani, koti liko mwilini na mkono wa kulia umo mfukoni. Mgeni hudhani ni maringo. Maringo gani? Ni aibu tupu. Kiharusi kilimpiga mwaka jana akiwa kwenye kibanda chake cha kuchonga vinyago, na tangu hapo vidole vimejikunja ngumi, havitaki kufunguka. Mtu aliyekuwa akitoa twiga mzima kwenye kigogo sasa anamngoja mkewe, Ndunge, amkatie nyama. Na akila, lazima mlango ufungwe.

Mimi ni jirani yao, mlango kwa mlango, na sina tabia ya kusengenya. Lakini haya niliyaona kwa macho yangu, na mengine Ndunge aliniambia mwenyewe.

Kule kliniki anakofanyia mazoezi ya viungo kuna dada mmoja anaitwa Clare. Alimpa mzee kimashine cha betri aende nacho nyumbani. Kina nyaya na vibandiko vinavyogandishwa juu ya mkono, chini kidogo ya kiwiko. Ukikiwasha, stima kidogo, umeme wa hiyo betri, inaingia kwenye misuli na vidole vinafunguka. Inakatika, vinajikunja tena. Halafu inarudi.

"Mzee, usiiachie mashine kazi yote," Clare alimwambia. "Ikivuta, na wewe vuta nayo. Ni ubongo tunaufundisha."

Basi kila jioni mzee alikuwa anakaa kitini, uso ameukunja, anavutana na vidole vyake mwenyewe.

Jumatano moja ushirika wetu wa maombi ukaamua kwenda kumwombea. Hatukupiga simu. Tangu lini mtu akapiga simu kwenda kuombea mgonjwa? Tulibisha hodi tu. Muthama alikuwa amevaa vile vibandiko. Avibandue mbele ya watu? Afadhali afe. Akashusha mkono wa koti, akakitia kimashine mfukoni kikiwa bado kimewashwa, akatukaribisha. Ndunge alikuwa jikoni anachemsha chai.

Tukaanza kuomba. Mchungaji Kweyu akamshika begani, sisi tukapaza sauti. Mimi huwa nafumbua jicho moja, Mungu anisamehe, ndiyo maana niliona. Ule mkono uliokuwa pajani ukafunguka, kidole kimoja kimoja, mpaka kiganja kikatazama juu. Nikapiga ukelele. Adhiambo wa ghorofa ya chini akaanguka magoti akilia. Tuliimba mpaka watu wakatoka kwenye korido kutuangalia. Muthama aliurudisha mkono mfukoni haraka, akainamisha kichwa. Neno moja tu lingetosha, na hakulisema. Sisi tukaona ni unyenyekevu.

Adhiambo hakuwa analia bure. Mumewe, Ochola, aliyestaafu kazi ya reli, alipigwa na kiharusi hichohicho. Yeye naye Clare alikuwa akimfanyia mazoezi ya bega, hatua ya mashine alikuwa hajaifikia.

Jumapili Muthama akaitwa mbele atoe ushuhuda. Ndunge alimkataza.

"Nisipoenda wataniuliza kwa nini," mzee akasema. "Na nikienda mkono ukabaki ngumi, watasema sina imani."

Kwa hiyo mtu mzima, tena mzee wa kanisa, alivaa vibandiko chini ya shati akasimama navyo madhabahuni. Mkono ukafunguka mbele ya kanisa zima. Ndunge aliniambia alitamani ardhi ipasuke immeze.

Siku ya kliniki Clare akamuuliza, "Jirani yako Mzee Ochola yuko wapi? Simwoni siku hizi."

Muthama akasema hajui. Uongo mwingine huo. Alijua vizuri kwamba Adhiambo ameacha kumpeleka, anafunga na kuomba, kwa sababu aliona kurudi kliniki ni kumtilia Mungu shaka. Mzee alirudi nyumbani akamsimulia Ndunge. Mkewe hakumbembeleza hata kidogo.

"Umemfungia mwenzako mlango," alimwambia. "Nenda ukamfungulie."

Hakwenda siku hiyo, wala wiki hiyo. Anafika kwenye ngazi, anageuka. Nilimwona mimi nikianika nguo, nikafikiri anafanya mazoezi ya miguu.

Siku aliyoshuka, Adhiambo alimpokea kwa furaha. "Karibu, Mzee Muthama. Umekuja kumwombea mwenzako?"

Hakuketi. Alivua koti, akapandisha mkono wa shati, akawasha kimashine. Vidole vikafunguka. Akakizima, vikajikunja.

"Ni stima, mama," akasema. "Siku ile ilikuwa stima. Hata kanisani ilikuwa stima. Nilikuona unalia nikanyamaza."

Adhiambo alikiangalia kile kimashine. Hakumtukana, na nadhani mzee angependelea matusi.

"Mimi nimekuwa nikimwambia Ochola kwamba hapati nafuu kwa sababu haamini," akasema. "Kila asubuhi nimemwambia hivyo."

Kesho yake walikwenda kliniki wote wanne. Clare alijaribu kuuinua mkono wa Ochola na bega lilikuwa limeganda. Zamani mkono ulifika karibu na sikio. Sasa haukufika hata kifuani, na Ochola, ambaye kiharusi kilimwachia maneno machache tu, alilia kwa sauti, mtu mwenye wajukuu. Clare akamwambia Muthama anaweza kungoja nje. Muthama akabaki palepale kando ya kitanda.

Clare alipompumzisha, Ochola alifungua macho akamwona jirani yake. Akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Alitafuta maneno mpaka akayapata.

"Wako," akamwuliza, "ulipona?"

Adhiambo akaangalia ukutani.

"Haukupona, ndugu yangu," Muthama akasema. "Niliwadanganya."