Themostati ya Mwenye Nyumba Wetu

Mwenye nyumba wetu kule Ulaya, mtaa wa Edmonton, alikuwa Mtanzania mwenzangu, na alipenda sana kutukumbusha hivyo. Yeye na mkewe walikaa chini. Vyumba vya juu tulipanga mimi na mama mmoja wa Bukavu, niliyefanya naye kazi ya kutunza wazee. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Siku ya kutukabidhi funguo alitusimamisha kwenye korido ya juu akatuonyesha themostati ukutani, kama waziri anayezindua daraja.

"Hii ndiyo inayoamuru boila ya kupasha nyumba joto. Mkiona baridi, zungusheni. Mimi si kama wenye nyumba wengine, nawaachia uhuru wenu."

Baridi ilipoingia, tukautumia uhuru wetu. Redieta za vyumbani zilipata uvuguvugu asubuhi, zikapoa mchana kutwa. Tukazungusha mpaka mwisho, wapi! Tukaigonga, tukaipuliza vumbi. Nikashuka kumwambia. Alinifungulia akiwa na fulana na miguu mitupu, na joto la sebule yake likanipiga usoni.

"Dada yangu, mnaizungusha kwa pupa," alisema. "Kitu hiki kinataka taratibu. Halafu huku ni Ulaya, vaeni sweta."

Nikapanda kuizungusha taratibu. Siku kadhaa nilisimama pale na koti langu, sikio ukutani, nikingoja ilie "tik", kwa sababu bwana mkubwa alisema taratibu.

Jumamosi moja mwenzangu akachoka. "Tuifungue tu hii kitu. Iko na meno?"

Nikachukua bisibisi. Skrubu mbili tu, na chombo chote kikanibaki mkononi. Hakikuwa na waya hata mmoja wala mahali pa betri. Nyuma yake palikuwa na rangi ya ukuta tu, safi kabisa. Mwenzangu alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mimi sikuweza.

Nilishuka nacho mkononi. Mwenye nyumba alikitazama bila haya yoyote. Mkewe, nyuma yake, hakuondoa hata macho kwenye televisheni.

"Aa, hiyo," akasema. "Ya kweli iko huku kwetu. Hiyo niliiweka ili wapangaji wasijisikie wamedharauliwa."

"Kumbe umetuheshimu," nikamwambia. "Basi shikamoo."

"Marahaba," akaitikia, kwa sauti nzito, na akamaanisha.

Mwezi uliofuata tulipata nyumba Ilford. Siku ya kuhama tulimkuta juu ya kiti kwenye korido yetu, anakirudisha kile chombo ukutani kwa ajili ya wapangaji wapya. Alikuwa amekifuta vumbi. Hakugeuka kutuaga, alituambia tu tuangalie masanduku yasimkwaruzie rangi.

Mwenzangu akatua sanduku lake, akamtazama kuanzia soksi mpaka kipara.

"Kaza muzuri, papa," akamwambia. "Isianguke."

Naye akakaza.