Kamyo ya Watu Arobaini

Régine alikuwa na sehemu mbili katika kamyo ya mizigo iliyosimamiwa na Honoré, na sehemu zile alizipata kwa kuuza cherehani ya mamake. Watu arobaini walichanga hivyo mwaka ule bunduki ziliponyamaza kidogo na barabara ya Niania ikaanza kupitika. Wakaandikisha kampuni, wakamuweka Honoré kuwa msimamizi, maana alijua magari na alijua kuandika barua za ofisi.

Halafu Honoré akashtakiwa na shemeji yake juu ya kiwanja. Shemeji akaomba tribunali ya Bunia ishike kamyo, akisema ni mali ya Honoré peke yake, wale wengine ni majina tu ya kujaza karatasi. Kamyo ikafungiwa kwenye uwanja wa tribunali, ikakaa miezi minne ikinyeshewa, wenye sehemu wakingoja pingamizi lao lisikilizwe.

Kila wiki Régine alipita pale na mutoto mgongoni, akisoma karatasi zilizobandikwa mlangoni aone kesi yao imepangwa siku gani. Akirudi sokoni wenzake wenye sehemu walimzunguka, wakamwuliza hata juji alionekana namna gani, kama alikuwa amenuna. Viviane, muuza makayabu, wale samaki wa chumvi, alikwisha kusema sehemu zake anazihesabu kuwa zimekufa.

Siku ilipopangwa, Régine ndiye aliyetoa wazo: wavae kikwembe cha namna moja, kama kwenye arusi, juji aone ni wengi na ni kitu kimoja. Kila mtu akanunua kwa mfuko wake. Wakajaza mabenchi, bluu na manjano kutoka mlangoni mpaka mbele.

Avoka aliyemsemea shemeji akawatazama, akatabasamu. Akamwambia juji kwamba watu wa kuvalishwa namna hii kila mtu anawajua: wakati wa kampeni mheshimiwa anagawa vikwembe, watu wanakuja kupiga makofi. Leo aliyegawa ni Honoré.

Wazo lilikuwa la Régine. Akasimama bila kuitwa.

“Papa juji, hii kikwembe nilijinunulia miye mwenyewe. Honoré hata shati alikataa kushona, anasema iko bei.”

Watu wakacheka. Honoré akaangalia viatu vyake. Juji hakucheka, akamwuliza, kama kamyo ni yake, anajua nini juu yake?

“Kila safari, mwenye sehemu mumoja anapanda na kamyo, analinda mizigo. Zamu yangu tulizama kwa matope siku tatu. Nilimunyonyesha mutoto chini ya ile kamyo. Mupira ya nyuma, ya kushoto, iko na kiraka kirefu kama kidole; ni miye nilishikilia wakati dereva anabandika. Uulize na wengine. Kila mutu iko na safari yake.”

Avoka akapinga kwamba mama huyu si shahidi. Juji akamwambia Régine aketi, lakini akamtuma karani nje. Karani akarudi na matope kwenye suruali: kiraka kipo. Ndipo juji akaita watano wengine, mmoja mmoja, wasimulie safari zao.

Baada ya siku kumi na tano karatasi ikabandikwa: kamyo ni ya kampuni, kesi ya kiwanja isiiguse. Régine akaisoma mara mbili kabla ya kuwaambia wenzake.

Walipokwenda kuichukua kamyo, betri ilikuwa imekufa. Honoré akashika usukani, wenye sehemu wakaisukuma kamyo mpaka barabarani, Viviane akimfokea kwamba aondoe mguu kwenye breki.