Maharage ya Mkono wa Akonaay

Harufu ninayoikumbuka ni ya majivu na maharage makavu, iliyochanganyika na ya mafuta ya kondoo ambayo mama aliyayeyusha kwa ajili ya kumchua kaka mkono uliovunjika. Kwetu Rhotia maharage ya akiba yalichanganywa na majivu ili yasibunguliwe na wadudu, na kila tulipoinua juu mifuko ya maharage tuliyofanyia mazoezi, majivu yalipenya kwenye kitambaa na kutumwagikia usoni. Mazoezi yakiisha, mimi na kaka yangu tulifanana na watu waliofukuliwa kaburini kwa makosa. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, katika kile kiangazi kinachotangulia masika, wakati upepo uliposhuka kutoka upande wa kreta, lile bonde kubwa la wanyama, ukiokota vumbi jekundu kila ulipopita, na nyumbani hapakuwa na mtu aliyeweza kukaa akatulia. Baba alisikiliza mvua. Kaka alisikiliza malori yakibadilisha gia kwenye mlima. Mimi, niliyekuwa na umri wa miaka kumi na mitatu na kifua cha kuku aliyenyonyolewa, nilimsikiliza kaka.

Kaka yangu Akonaay alikuwa utingo wa lori lililopeleka vyakula na mafuta kwenye hoteli za ukingoni mwa kreta. Dereva wake, Mzee Massawe, alikuwa amemwahidi kumfundisha kuendesha, na kwa kijana wa kijiji chetu siku zile usukani ulikuwa na heshima kuliko shahada niliyokuja kuipata mimi baadaye. Nadhani hata sasa ni hivyo. Lakini siku moja wakishusha mzigo, pipa la dizeli liliteleza likamvunja mkono wa kulia. Alipofunguliwa hogo la plasta hospitalini, mkono uliotoka ndani yake ulikuwa mwembamba kama bua la mahindi, na kiwiko kiligoma kunyooka. Mzee Massawe alituma salamu kwamba atamshikia nafasi yake mpaka masika yaanze. Barabara ikishageuka tope, alisema, gari linataka mtu mwenye mikono miwili. Baba, aliyekuwa na plau na maksai lakini hana mtoto mwingine mkubwa wa kuishika plau hiyo, alizipokea salamu hizo kwa utulivu uliozidi kiasi. "Mungu ana njia zake," alisema, macho yakiwa kwenye plau.

Hivyo nyumba ilikuwa na pande mbili, nami nilikuwa katika zote mbili. Nilitaka mkono upone, kwa kuwa sikuweza kumtazama kaka akijaribu kufunga vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto. Na nilitaka abaki, kwa kuwa alipokuwa safarini nililala peke yangu katika kitanda chetu, nikiusikiliza upepo. Nilikuwa bado sijajua kwamba mtu akitaka mambo mawili ya namna hiyo, hana budi kulia mara moja na kucheka mara moja, wala hachagui lini.

Muuguzi alikuwa amemwambia aanze kunyanyua kitu chepesi, kisha aongeze kidogo kidogo. Akonaay akakumbuka aliyoyaona hotelini: mzungu aliyetoka mbali kuja kuona tembo, na ndani ya begi lake amebeba vyuma viwili vidogo vya mkononi. Kila asubuhi alisimama dirishani, kreta nzima ikiwa mbele yake, akavinyanyua na kuvishusha.

"Anavipeleka wapi?" baba aliuliza.

"Havipeleki popote, Baba. Anavinyanyua, anavirudisha palepale."

"Na analipwa kwa kazi hiyo?"

"Analipa yeye."

Baba akatoka nje kwenda kuwaangalia maksai wake, viumbe ambao angalau alielewa kwa nini walikuwa wanatoka jasho.

Vyuma hatukuwa navyo. Saruji ya kutengenezea mizigo haikupatikana hata kwa mwenye duka. Tulijaribu mawe, yakamgonga kwenye mfupa ulioungwa. Tulijaribu mchanga, ukavuja usiku na kutuachia mifuko mitupu. Ni mimi, mwanafunzi wa darasa la saba na mtaalamu wa kila kitu, niliyesema maharage. Maharage hayagongi wala hayavuji, na unaweza kuyaongeza kikombe kimoja kimoja kama muuguzi alivyoagiza. Tukaukata mpini wa jembe vipande vinne, viwili vyake viwili vyangu. Mama akashona mifuko kutoka kwenye kaptura zangu za shule zilizonibana, akaifunga kwenye ncha za kila kipande. Baba alikubali kwa sababu maharage yaliyoning'inia kwenye boriti yasingefikiwa na panya. "Haba na haba hujaza kibaba," alisema mama akikata uzi kwa meno, na sote tukaona kwamba methali hiyo ilitungwa kwa ajili yetu.

Tulifanyia mazoezi nyuma ya nyumba, tukitazamana, kila mtu na vyake. Tulianza kwa kukunja viwiko, tukanyoosha mikono ubavuni, tukamalizia kwa kuinua juu ya kichwa, hapo majivu yalipotushukia. Akonaay aliuma midomo mpaka ikawa myeupe. Mimi nilitoa sauti za kuguna ambazo mzigo wangu haukuzistahili. Jirani yetu Bura, mzee mwenye ulimi wa wembe, alikuwa na tabia ya kupita njia ile makusudi.

"Naona mnabembeleza maharage," alisema. "Bado hayajalala?"

"Karibu ujaribu, babu," Akonaay alimjibu.

"Mimi maharage nayabeba tumboni, mjukuu wangu. Huko ndiko yanakopendwa."

Wiki za kwanza zilikuwa za mateso. Kisha mambo yakaanza kubadilika. Mzigo uliomtetemesha kaka mkono jana, leo aliupandisha bila kuuma midomo. Siku chache baadaye aliupandisha akipiga mluzi. Hata mimi nilianza kuona mabadiliko katika mwili wangu, nikawa natembea mabega nje kama jogoo, na nilikaribia kuwaonea huruma wavulana waliokuwa wakinipiga shuleni. Akonaay hakutulia tena hata dakika. Akisikia lori likipanda mlima aliacha chakula na kwenda mlangoni, na kwa mngurumo tu alilitaja ni la nani na limebeba nini. Kila alipofurahi, mimi nilihesabu siku zilizobaki. Mawingu yalianza kukusanyika upande wa Mbulu, yakatawanyika, yakakusanyika tena.

Jioni moja tukiwa tunakula, Akonaay alitangaza kwamba Jumamosi atakwenda kumngoja Mzee Massawe barabarani. Mkono uko tayari. Lakini kwa siku chache zilizobaki alitaka mzigo mkubwa zaidi.

"Mama, niongezee vikombe viwili."

Mama hakuinua macho kutoka kwenye chungu. "Nikuongezee kutoka wapi?"

"Kwenye gunia."

"Gunia liliisha kabla ya Kwaresima."

Tulimtazama, tonge mikononi.

"Kwani mlidhani mmekuwa mkila nini?" mama aliuliza.

Nilitazama sahani yangu. Akonaay alinyanyuka, akaishusha mifuko yake kutoka kwenye boriti, akaiminya. Kisha akafumua mshono wa mmoja. Yakamwagika maharage kiasi cha konzi moja, na nyuma yake yakafuata makapi: maganda makavu, mepesi, ambayo mama alikuwa akiyajaza kila alipochota ili mfuko usinywee. Kumbe kwa wiki zote zile hatukuwa tukipata nguvu. Mzigo ndio uliokuwa ukiisha, na ulikuwa ukiisha kupitia midomoni mwetu. Baba alianza kucheka, akauona uso wa kaka, akaacha.

"Ungeniambia, Mama," Akonaay alisema taratibu.

"Ningekwambia, ungekataa kula. Nakujua. Mimi siwezi kuning'iniza chakula darini halafu wanangu walale na ugali mtupu. Huo mkono unaoutaka wewe, umeuona wapi ukinenepa kwa njaa?"

Akonaay aliyazoa maharage, akayarudisha mfukoni. 

Jumamosi alikwenda vilevile, nami nikafuatana naye. Mzee Massawe alisimamisha lori pembeni, akashuka, akamshika kaka bega, kisha akamwambia apande aukate usukani wote kulia, halafu wote kushoto, gari likiwa limesimama. Usukani wa malori yale haukuwa mchezo hata kwa mtu mzima wa afya. Akonaay aliupeleka kushoto. Kulia alifika katikati, mishipa ya shingo ikamtoka, mkono wa kushoto ukaja kusaidia, na usukani ukaganda hapo. Aliendelea kuung'ang'ania baada ya kila mtu kujua.

"Teremka, mwanangu," alisema Mzee Massawe. "Kona za kule juu hazina huruma. Nitachukua mtu mwingine masika haya. Njoo baada ya mavuno tuangalie tena. Siahidi."

Tulirudi kwa miguu. Nilikuwa nimevaa uso wa msibani, uso nilioujenga kwa bidii tangu lori lilipoondoka, huku moyoni nikiruka kama mwanambuzi. Tulipofika karibu na shamba letu Akonaay alinitazama.

"Furahi tu, mdogo wangu," alisema. "Angalau mmoja wetu afurahi."

Mvua ilinyesha wiki ileile. Baba alimkabidhi plau. Mimi nilikwenda mbele nikiwaongoza maksai, na nyuma yangu nilimsikia kaka akitukana mizizi, mawe, na wakati mwingine mimi. Plau haingoji uongeze kidogo kidogo. Inakurusha jinsi inavyotaka, na jioni alishindwa kukiinua kikombe cha uji. Lakini wakati wa palizi kiwiko kilikuwa kimenyooka karibu chote, na tulipovuna aliyabeba magunia begani bila kuyafikiria. Hapo nilijua kwamba angerudi barabarani. Siku aliyoondoka, sanduku alilishika kwa mkono wa kulia, akanipa huohuo kuniaga, akanibana vidole mpaka nikapata kisingizio cha machozi. Alikuja kuwa dereva, akazeekea kwenye kazi hiyo, na kitanda kikawa changu chote.

Sasa mjini Karatu kuna vyumba vya mazoezi, na vijana wanaongoza watalii mchana kisha jioni wanalipa ili wanyanyue vitu na kuvirudisha palepale. Baba hayupo kuwauliza wanavipeleka wapi. Mimi nami, baada ya daktari kuzungumza kwa upole mno kuhusu sukari yangu, nimenunua vyuma viwili vilivyovikwa mpira, na ninavinyanyua sebuleni kwangu Arusha mbele ya kioo, kama maelekezo yanavyotaka. Rhotia hatukuwa na kioo cha kumtosha mtu. Ukitaka kujua kama mkono umenenepa, ilibidi umwulize ndugu yako aliyesimama mbele yako na majivu usoni, naye Akonaay, ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kunitia moyo msimu ule, aliuminya kila nilipomuuliza, akatikisa kichwa kwa mshangao, akasema, "Aisee, umeongezeka." Kioo changu cha Arusha hakijawahi kunidanganya hata mara moja, na sioni kimenisaidia nini.