Dhahabu ya Simu Mbovu Uani kwa Kaka Kambale

Niliondoka Butembo kwa sababu ya wifi yangu Masika, aliyenipigia simu kutoka Bunia. "Tantine," ndivyo anavyoniita, mimi shangazi wa watoto wake, "kama weye hauji kumuongelesha ndugu yako, mi narudia kwetu na batoto." Kaka yangu Kambale alikuwa akinunua simu mbovu, anachomoa vile vibao vya kijani vya ndani, kisha anavichovya kwenye asidi kali nyuma ya jiko ili kuvua dhahabu iliyopakwa juu yake. Moshi ulimpa kikohozi kisichoisha. Lengalenga, ndio mchicha wetu, ilikuwa imekauka kuzunguka kisima. Mimi ni mwalimu wa kemia, na nilikasirika sana, ila hasira haimwachishi mtu kazi inayomlisha. Nikabeba ndoo ya malimau, chumvi, na chupa za ile dawa ya famasi inayotoa povu kwenye kidonda.

Alfajiri, Beni, nilikolala. Tulisubiri magari yajipange nyuma ya askari. Wanasema sasa ni amani, lakini amani hii haitembei bila bunduki mbele na nyuma. Zamani baba alitupitisha njia hii hii kwenye lori, akisimama popote alipoona ndizi mbivu.

Saa saba mchana, Komanda. Askari wa kizuizini alichungulia ndoo yangu.

"Mama, malimau yote hii ni ya nini?"

"Ya kaka yangu. Anakohoa."

"Basi na mi niko nakohoa," akasema, akachukua mawili.

Jioni, Bunia. Upepo wa vumbi jekundu ulikuwa uleule wa utoto wangu, na nyumba ya baba, anamoishi Kambale sasa, bado ina ukuta tulioandikia majina yetu kwa mkaa. Kwa jirani wamejaa watu waliokimbia mapigano ya Djugu. Mmoja wao, Mama Lotsove, alikuwa akichota maji kisimani kwetu, kwani hana pengine. Nilimwambia Kambale kwamba malimau haya yatashika nafasi ya asidi yake, akaitazama ndoo yangu.

"Mudogo, zahabu iko inaomba moto. Haiombe saladi."

Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, akashika mlango.

Kesho yake tulikamua malimau, tukachanganya na chumvi na ile dawa, tukavilaza vibao humo chini ya kifuniko. Hakukuwa na moshi. Shaba iliyoshikilia dhahabu iliyeyuka polepole, maji yakawa ya kijani. Hayo hatukuyamwaga, tuliyatilia misumari mikuukuu inase shaba, tukayafungia kwenye dumu mbali na kisima.

Siku ya nne dhahabu ilibanduka, tukaichuja na kuianika kwenye sahani. Sasa, wachimbaji wa kwetu wana desturi: dhahabu ikikauka huipuliza, mchanga uruke, yenyewe ibaki kwa uzito wake. Ujanani, huko machimboni, wenzake walimletea Kambale sahani zao awapulizie, maana pumzi yake ilisifiwa. Nikaona anainama, mashavu yamejaa.

"Yaya, usipulize!" nikamlilia kaka yangu mkubwa.

Dhahabu ya simu ni nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Nilichelewa, alikwishapuliza. Nikafumba macho, nikijua kazi yetu imepeperuka na kesho atarudia asidi.

Nilipofumbua, yote ilikuwa sahanini. Ilitikisika tu kidogo. Masika alicheka kwa furaha, "Mungu iko!" Kambale hakucheka.

"Mudogo," akasema, "nilipuliza na nguvu yangu yote."

Akainuka, akabeba dumu la asidi, akalirudisha kwa aliyemuuzia.

Asubuhi ya kurudi alinisindikiza kituoni. Ni mwendo tuliozoea kuukimbia tukienda shule, naye alipumzika mara tatu. Masika amebaki. Mama Lotsove amepanda lengalenga upya, mbali kidogo na kisima, na mvua imeanza. Kifua cha kaka yangu sijui kama kitapona.

Nilichojifunza hakinipendezi. Somo la kuvua dhahabu bila moshi nimewafundisha watoto wa watu miaka mingi, nimelichora ubaoni kwa chaki za rangi, na ndugu yangu alikuwa mwendo wa siku mbili tu kutoka darasani kwangu.